Kitabu cha shemeji kimetugawa, na mwalimu wangu hashiki simu

Shikamoo Shangazi,

Ninakuandikia kutoka Nakuru. Tuna kikundi cha kusoma vitabu, watu kumi na mmoja, kilichoanza mwaka 2019 tukiwa wanne tu kwenye chumba cha nyuma cha kanisa. Tunakutana Jumamosi ya mwisho ya mwezi. Kila mwezi mtu mmoja, kwa zamu yake, anachagua kitabu, na wengine tunasoma tupende tusipende. Sheria yetu ni hiyo moja. Mimi ndiye katibu.

Mwaka jana shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, alirudi nyumbani baada ya kuishi Texas miaka kumi na tisa. Tulimkaribisha kikundini kwa mikono miwili. Naye hakuja mikono mitupu: alilipia chai na mandazi ya mwaka mzima, akatununulia viti vya plastiki dazeni moja ili tuache kukalia mabenchi ya watoto wa Sunday School. Ni mtu mkarimu, tena msomaji. Tofauti yake na sisi ni kwamba alikuwa Texas na akawa mhafidhina kabisa wa siasa za kule. Akianza kuzungumza kuhusu kodi, chai inapoa.

Zamu yake ilipofika akaleta kitabu cha mwaka 2010, The Roots of Obama's Rage, yaani mizizi ya hasira ya Obama. Aliyekiandika ni Dinesh D'Souza, mchambuzi wa siasa wa mrengo wa kulia, mzaliwa wa Mumbai aliyekwenda Marekani akiwa kijana na baadaye akafanya kazi Ikulu ya Reagan. Nakala ni moja tu, ikawa inazunguka. Wengine walisoma kurasa zilizopigwa picha kwa simu, na wengine, nadhani, hawakusoma kitu.

Hoja yake kwa ufupi ni kwamba mambo aliyofanya Obama akiwa rais hayaelezeki kwa ujamaa wala kwa siasa za kawaida za chama chake. Yanaelezeka kwa chuki dhidi ya ukoloni aliyoirithi kwa baba yake Mkenya, mwanauchumi kutoka Siaya, ambaye alimwacha akiwa mtoto mchanga.

Siku ya kikao shemeji alisimama na simu mkononi akatusomea sehemu ya makala ya mwandishi huyohuyo iliyotoka katika jarida la Forbes mwezi Septemba 2010. Mwandishi anasema Marekani inatawaliwa kwa ndoto za Mluo wa miaka ya 1950, na anamtaja mzee huyo kama mlevi na mpenda wanawake. Shemeji alisoma kwa sauti ya mhubiri. Watu wawili watatu walicheka. Mimi niliinama nikaendelea kuandika kumbukumbu za kikao.

Miongoni mwetu yuko mzee mmoja, mwalimu mstaafu, Mluo wa Alego, kulekule Siaya. Alinifundisha historia kidato cha pili hadi cha nne. Alivua miwani, akaikunja, akaitia mfukoni, akasema, "Nimesikia," akatoka. Jioni hiyo akajiondoa kwenye grupu la WhatsApp. Nimempigia simu mara saba, hashiki.

Sasa kikundi kimepasuka. Watatu wanataka kitabu kirudishwe kwa mwenyewe na shemeji aombe radhi mbele ya wote. Wanne wanasema ukweli unauma, na kwamba mtu anayetetea familia, kazi na kutokopa ovyo hawezi kuitwa adui wa Mwafrika. Mmoja anashikilia kwamba kitabu kinasema Obama alizaliwa Kenya, kwa hiyo ni cha uongo na hakifai kuguswa. Mwingine ametuletea habari kwamba mwaka 2014 mwandishi alikiri mahakamani kuvunja sheria ya michango ya kampeni, na shemeji akamjibu kwamba Trump alimsamehe mwaka 2018, basi wakakesha kwenye grupu na hilo. Wanataka tupige kura: kitabu kibaki au kiondoke. Mume wangu amenikata kauli: "Huyo ni kaka yangu, na viti ni vyake."

Shangazi, kuna jambo jingine ambalo sijamwambia mtu. Mimi nimekisoma, niko katikati. Mambo mengi yananikera, lakini kuna kurasa zimenishika. Mwandishi anadai kwamba baba asiyekuwepo ndiye aliyetawala kichwa cha mtoto kuliko watu wote waliokuwepo. Baba yangu alikwenda Mombasa kutafuta kazi nikiwa na miaka miwili. Alirudi mara moja, nikiwa darasa la nne, akaniletea redio ndogo ya betri mbili. Nilipofika kwenye kurasa hizo niliweka kitabu chini nikaenda kufua nguo ambazo hazikuwa chafu. Nikimfikiria mwalimu wangu najiona msaliti.

Nifanyeje? Nikiondoe kitabu? Nimwambie nini mwalimu? Na shemeji?

Katibu aliyekwama, Nakuru

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na mzee, maana kitabu kinaweza kukaa rafuni mwaka mzima kisione njaa, lakini mtu wa umri ule kila siku inayopita akiwa na donge moyoni ni hasara. Simu saba ni nyingi mno, na hata ile ya kwanza haikufaa. Mtu aliyekufundisha ukiwa umevaa sare haombwi radhi kwa simu. Nenda kwake. Chukua sukari na majani ya chai, nenda peke yako bila mume na bila shemeji, na ukishakaribishwa usitangulize kitabu. Uliza habari za nyumbani, za mifugo, za miguu yake. Atakapokuwa tayari atasema mwenyewe, "Nadhani umekuja kwa lile jambo."

Hapo usimwombe radhi kwa niaba ya D'Souza, hujamzaa. Usimwombe radhi kwa niaba ya shemeji, ana mdomo wake. Una kosa lako moja, nalo umeniandikia bila kuliita kosa: watu walipocheka, wewe uliinama ukaandika. Katibu ana kalamu, lakini ana sauti pia. Ungeweza kusema, "Shemeji, ngoja kidogo." Mzee hakuondoka kwa sababu ya Mhindi wa Marekani ambaye hajawahi kumwona. Aliondoka kwa sababu watu aliokunywa nao chai miaka yote walicheka na mwanafunzi wake akanyamaza. Omba radhi kwa hilo tu, kwa maneno machache. Ukizidisha, utamlazimisha akubembeleze wewe.

Sasa kitabu. Nilikisoma kwa kuazima, zile siku nilipokuwa bado nauza vitabu vya mitumba, na nilikisoma kwa hasira ile ya mtu anayepiga mstari chini ya kila sentensi. Kwa hiyo usinichukue kama hakimu asiye na upande. Lakini nadhani najua kilichowapasua.

Ni neno moja, kupinga ukoloni. Mwandishi amelitumia neno hilo kama jina la maradhi. Mtu anaumwa kupinga ukoloni, kaupata kwa baba yake, sasa anaambukiza nchi. Msomaji wa Texas aliyekinunua mwaka 2010 alisoma hivyo na akaogopa kama alivyotakiwa. Sasa mlete msomaji wa Nakuru, ambaye babu yake alitiwa kizuizini baada ya Waingereza kutangaza hali ya hatari dhidi ya Mau Mau Oktoba 1952. Mwambie kwamba rais wa Marekani anatuhumiwa kurithi moyo wa kupinga ukoloni. Atauliza: tuhuma iko wapi? Juni 2013 serikali ya Uingereza yenyewe ilisema inasikitikia mateso ya wakati ule, ikakubali kuwalipa wazee zaidi ya elfu tano jumla ya pauni milioni 19.9. Na Marekani, jamani, ilizaliwa kwa kumfukuza mfalme wa Kiingereza. Wale wanne wenu na wale watatu hawabishani hata kidogo. Kila upande unasoma kitabu chake ndani ya jalada lilelile.

Lakini nina jambo ambalo litamuudhi shemeji na mwalimu kwa pamoja, nami niko radhi wote wawili wanikasirikie.

Tarehe 6 Novemba 2008 ilikuwa sikukuu Kenya nzima. Rais Kibaki ndiye aliyeitangaza, kwa sababu Obama ameshinda. Mimi nilifunga duka, nikavaa leso mpya, nikaenda kwa dada yangu kula pilau. Tulikuwa tunasherehekea nini hasa? Kijana aliyezaliwa Honolulu, akalelewa na mama yake na babu na bibi wa upande wa mama, watu wenye asili ya Kansas, akaishi Jakarta utotoni, akamwona baba yake kwa mwezi mmoja tu wa Desemba 1971, akiwa na miaka kumi. Sisi tukasema damu haipotei. Tukasema Siaya imeingia Ikulu ya Washington. D'Souza naye, miaka miwili baadaye, akasema neno hilohilo: damu haipotei, Siaya imeingia Ikulu ya Washington. Yeye anapiga yowe na sisi tunapiga vigelegele, lakini wimbo ni mmoja. Ndiyo maana kitabu hiki kinatuuma mahali tusipoweza kupaona. Kimechukua majigambo yetu ya mwaka 2008 kikayageuza mashtaka.

Mimi naona tulikosea wote. Mtu mzima hatawaliwi na marehemu kwa urahisi hivyo. Ukitaka kuwaonyesha wenzako bila kugombana, usiwape maoni yako, wape ya Obama mwenyewe. Julai 2009, mwaka mzima kabla ya kitabu kutoka, alihutubia bunge la Ghana mjini Accra. Alimtaja babu yake, mpishi wa Waingereza hapa Kenya, ambaye waajiri walimwita boi ingawa alikuwa mzee anayeheshimika kijijini kwake. Kisha, akiwa ameshafungua kidonda hicho mbele ya Waafrika, akawaambia kwamba nchi za Magharibi si za kulaumiwa kwa uchumi wa Zimbabwe ulivyobomoka katika miaka ile kumi, wala kwa vita ambamo watoto wanashikishwa bunduki. Kama kweli mzee wa Siaya ndiye aliyekuwa akiongoza ule ulimi, siku hiyo alikuwa amelala. Na Desemba ya mwaka huohuo mwanawe akaagiza wanajeshi 30,000 zaidi waende Afghanistan. Mpinga ukoloni wa ajabu huyo.

Mfano mwingine ambao shemeji bila shaka atauleta ni ule wa sanamu ya kichwa cha Churchill. Mwandishi anautia uzito mkubwa: Obama aliirudisha kwa Waingereza, na Churchill ndiye aliyekuwa waziri mkuu hali ya hatari ilipotangazwa Kenya, basi kisasi hicho. Sanamu ile ilikuwa ya kuazimwa enzi za Bush. Na kulikuwa na sanamu nyingine ya Churchill, ya Ikulu yenyewe, ambayo ilibaki ndani siku zote. Obama alisema mwaka 2016 kwamba huiona kila siku mlangoni pa chumba chake cha kazi cha ghorofani. Yule anayetaka kulipiza kisasi cha babu kwa kuhamisha sanamu moja na kuacha nyingine mlangoni pake, mimi simwelewi.

Umeona kwamba mpaka hapa sijasema neno juu ya kesi ya mwandishi ya mwaka 2014. Iacheni. Mtu anaweza kuvunja sheria ya kampeni akaandika kitabu cha kweli, na anaweza kusamehewa na rais akaandika upuuzi. Na yule anayesema kitabu kinadai Obama alizaliwa Kenya, mpe kitabu akuonyeshe ukurasa. Hoja ya D'Souza haihitaji hospitali ya Kenya hata kidogo, inahitaji baba Mkenya tu. Ninavyoona, katika watu wenu kumi na mmoja waliokisoma hawazidi watano. Ndiyo sababu mimi singepiga kura. Unapigaje kura juu ya chakula ambacho nusu ya meza haijaonja? Tena sheria yenu ni moja na ni nzuri: mwenye zamu anachagua. Mkiondoa kitabu cha huyu leo, mwezi wa tano mtaondoa cha mwingine, na kufika Desemba mtakuwa mnasoma kalenda.

Shemeji hayumo peke yake, lakini pia asidhani kwamba wahafidhina wote wako nyuma yake. Kitabu kilipotoka, Newt Gingrich, aliyekuwa Spika wa Bunge la Wawakilishi, alikisifu mno, akasema humwelewi Obama mpaka uelewe mwenendo wa Wakenya wanaopinga ukoloni. Lakini jarida la wahafidhina wenyewe, The Weekly Standard, lilichapa uhakiki wa Andrew Ferguson uliokichambua na kukicheka. Na si mara ya kwanza. Kitabu cha D'Souza cha mwaka 1995 juu ya ubaguzi wa rangi kiliwafanya wahafidhina wawili weusi, Glenn Loury na Robert Woodson, wajiondoe katika taasisi moja kubwa ya utafiti ya Washington aliyokuwamo yeye. Wanaume hao walipenda kodi ndogo na familia imara kama shemeji anavyopenda, lakini waliona kuna mstari umevukwa. Mwambie shemeji hilo kwa upole. Anaweza kubaki na kodi zake na kutokopa kwake, wala hakuna anayemfukuza huko. Sio lazima abebe na ulevi wa marehemu Obama kama fimbo ya kuwachapia wazee wa Alego.

Na kuna jambo moja ambalo namkubalia D'Souza. Alikwenda kutafuta maandishi ya baba, jambo ambalo wengi wetu tuliokuwa tukicheza barabarani hatukufanya. Julai 1965 mzee Obama aliandika makala katika East Africa Journal, jarida la hapa kwetu, akiukosoa Waraka Nambari 10 wa mwaka huohuo, ule uliopangia Kenya uchumi wake kwa jina la ujamaa wa Kiafrika na ambao kila mtu aliuhusisha na Tom Mboya, waziri wa mipango ya uchumi wakati ule. Ni kurasa chache. Anauliza kama kumpa kila mtu hati yake ya shamba ndiyo njia bora, au ukoo ungeshirikiana kulima. Anauliza kwa nini biashara ziko mikononi mwa Wazungu na Wahindi. Anasema pia, na hapa ndipo D'Souza alipong'ata, kwamba kinadharia hakuna kinachoizuia serikali kutoza kodi hata asilimia 100 ya pato, mradi wananchi wapate manufaa yanayolingana na walichotozwa. D'Souza amelinukuu neno "kinadharia" kwa mkono wake mwenyewe, kisha akalipita kama mtu anayepitana na mdai wake njiani.

Kumbuka mwaka wenyewe. Februari 1965 Pio Gama Pinto, mbunge na mpigania uhuru, alipigwa risasi mbele ya nyumba yake Nairobi. Aprili ukatoka Waraka. Julai mwanauchumi mmoja kijana akaandika kwa jina lake mwenyewe kuukosoa. Ulevi wake unajulikana, wala mwanawe hakuuficha alipoandika juu yake, lakini makala ile haikuandikwa na mlevi. (Na Pinto, niongeze tu, alikuwa mtoto wa Wagoa, kama wazazi wa D'Souza. Bahari ya Hindi ni moja. Mmoja alifungwa na wakoloni, mwingine ameandika kuwaonea huruma. Damu, mwanangu, haitabiriki.)

Hapo ndipo kazi ya mwalimu wako inapoanza. Alikufundisha historia, mwaka 1965 nadhani alikuwa kijana anayeweza kusoma gazeti. Makala inapatikana, haitafutwi kwa tochi. Ichapishe nakala kumi na moja, ya kwanza umpelekee yeye pamoja na ile sukari. Usimwambie "rudi kikundini". Mwambie: "Mwalimu, tuna makala ya kurasa chache ambayo mtu wa Marekani ameijengea kitabu kizima, na katikati yetu hakuna anayejua Kenya ya mwaka ule ilikuwaje. Utatusomesha?" Akikataa, amekataa, utarudi mwezi ujao na sukari nyingine. Lakini mimi sijapata kumwona mwalimu mstaafu aliyekataa darasa.

Kikao hicho shemeji akae, asikilize, kisha apewe nafasi ya kujibu bila kusoma kutoka kwenye simu. Aseme kwa Kiswahili chake mwenyewe ni nini kilichompendeza. Nadhani mtashangaa. Mtu aliyekaa miaka kumi na tisa ugenini akifanya kazi mbili, akiona jirani zake wanamwangalia kama mzigo, anaweza kukishika kitabu kama hiki kwa sababu kinamwambia kwamba yeye hayumo katika wale wanaolaumu wengine. Hiyo si dhambi. Mwulize hilo siku nyingine, mkiwa jikoni, maana ni shemeji yako na utani unaruhusiwa. Mbele ya kikundi hataweza kusema.

Kuhusu baba yako.

Wewe si msaliti. Kurasa zilizokushika hazikukushika kwa sababu zinathibitisha lolote juu ya Washington. D'Souza ameokota kitu cha kweli, kwamba mtoto hujaza pengo la baba kwa baba aliyemtengeneza mwenyewe, halafu akakitumia kufungia mzigo usiokuwa wake. Unaweza kuchukua kile cha kweli ukamwachia mzigo. Desemba ile ya 1971, mzee Obama alimletea mwanawe mpira wa kikapu. Wewe uliletewa redio. Sitakuambia ufanye nini nayo, wala sijui kama baba yako bado yuko hai. Ila ukimaliza kufua hizo nguo safi, kaa chini uandike kwenye daftari lako mwenyewe, lisilo la kikundi, ni stesheni gani mlikuwa mkisikiliza siku zile alizokuwa nyumbani. Anza na hilo tu. Usimwonyeshe mtu.

Mume wako nimemwacha mwisho kwa sababu suala lake ni la hesabu. Uliza dukani bei ya dazeni ya viti vya plastiki, igawe kwa watu kumi, mchange kwa miezi mitatu mumrejeshee shemeji kwa shukrani na maandazi juu. Akikataa kupokea, viti viandikwe kwenye daftari la mali ya kikundi, naye atie sahihi. Baada ya hapo mtu akisema viti ni vya nani, katibu atafungua daftari.

Shangazi